Bei ya Harufu: Kununua Viungo Kigali

Anayelipa kilo mbili za nyama bila neno, kisha akasimama kubishania mia mbili za iliki, anabana mahali pasipo na hela. Sufuria ya pilau ya kilo moja ya mchele hula viungo vikavu gramu 20 hivi: vijiko viwili vya chakula vya binzari nyembamba, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki nane, karafuu nane na kijiko cha chai cha pilipili manga. Tuseme vyote vimenunuliwa kwa wastani wa faranga 20,000 kwa kilo, bei ninayoichukua kwa ajili ya hesabu tu. Sufuria nzima imekula faranga 400. Igawe kwa sahani nane, kila sahani ina faranga 50 za viungo. Weka hapo bei ya nyama, mchele, mafuta na gesi, utaona kwamba viungo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika gharama ya mlo huo, na ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama mlo utaitwa pilau au wali wa rangi ya udongo.

Kwa hiyo swali la mnunuzi wa Kigali si wapi viungo ni rahisi. Swali ni wapi hela inavuja. Inavuja mahali patatu: unaponunua kidogokidogo, unaponunua vumbi lililokwisha harufu, na unaponunua chumvi na wanga kwa bei ya viungo.

Tuanze na kipimo. Sokoni Kimironko, Nyabugogo au Kimisagara, muuzaji huchota kwa kijiko na kufunga kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Kwenye supamaketi kuna chupa ndogo yenye lebo nzuri. Katikati ya mji, Quartier Mateus, kuna maduka ya jumla ambako gunia limefunguliwa mdomo na mizani iko juu ya meza. Halafu kuna maduka madogo ya Biryogo na Nyamirambo, ambayo nitayarudia. Chukua namba rahisi kukokotoa, kisha uziondoe na kuweka za siku yako: kijiko cha gramu 10 kwa faranga 300, chupa ya gramu 50 kwa 2,500, robo kilo ya jumla kwa 4,000. Kwa kilo, kijiko ni 30,000, chupa ni 50,000, na robo ya jumla ni 16,000. Anayenunua kwa kijiko hutoa sarafu chache, akaondoka akiamini amebana matumizi, kumbe amelipa karibu maradufu ya yule aliyetoa noti nne za elfu. Chupa nayo, isome uzito ulioandikwa, usiipime kwa mkono. Kioo ni kizito, na kioo hakiingii kwenye pilau.

Lakini robo kilo ina mtego wake. Familia inayopika pilau mara mbili kwa mwezi hutumia binzari nyembamba gramu 24 hivi, maana yake robo kilo itakaa miezi kumi. Ikiwa nzima, itavumilia. Ikiwa imesagwa, baada ya miezi mitatu au minne unapikia vumbi. Hapo ndipo ikimina, chama cha akiba, kinaposaidia. Wanawake wanne au watano ambao tayari wanachangishana fedha kila wiki wanaweza kutuma mmoja wao Mateus na kugawana kwa mizani ya jikoni. Bei ya jumla, kiasi cha rejareja.

Viungo hivi vikavu karibu vyote ni wageni hapa, na ugeni wao umo ndani ya bei. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni kilomita 1,500 hivi. Kutoka Mombasa kupitia Uganda ni zaidi. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 na kubaki hivyo hadi mwisho wa Januari 2022, mizigo ya njia ya kaskazini ililazimika kuzunguka, na kila mzunguko una mtu wa kuulipia. Zamani hata njia yenyewe haikuwapo. Misafara ya pwani iliyobeba nguo, shanga na bunduki ilifika Tabora na Ujiji, lakini ufalme wa Rwanda ulikuwa haukaribishi wafanyabiashara wa pwani ndani ya milima yake, na hata Mjerumani von Götzen hakuvuka nchi hii hadi 1894. Jiko la vilimani lilikuwa na mtama, maharage, maziwa na samli, na chumvi ambayo nayo ilitoka mbali. Harufu ya karafuu haikuwa sehemu yake.

Ilikuja na boma. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, nyuma ya utawala wa Wajerumani walikuja askari, makarani na wachuuzi Waislamu kutoka pwani na Tabora, wenye Kiswahili chao na pilau yao. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa 1913. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatenga watu hao kwenye kambi ya Waswahili, Biryogo, na mpaka leo ukitaka chai yenye viungo kamili au pilau isiyoona haya, unaenda huko, kwenye mitaa ambayo tangu 2021 imefungwa kwa magari na kupakwa rangi. Kwa mnunuzi, historia hiyo ina faida moja kubwa. Muuzaji wa Biryogo mara nyingi anakipika nyumbani kwake kile anachokuuzia. Mwambie, "Mama, naomba niiponde moja ninuse," hatakushangaa. Kwingine unaweza kuangaliwa kama mwizi.

Sasa kiungo kwa kiungo, na nitakaa zaidi pale penye hela ya kuokoa au kupoteza.

Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, linachumwa kwa mkono na kuanikwa juani hadi kilo tatu mbichi zibaki kilo moja hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waling'oa mikarafuu ya kila kisiwa wasichokidhibiti ili bei isishuke. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kutorosha miche mpaka Mauritius karibu na mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu ikafika Unguja. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abray. Sayyid Said, aliyehamisha makao yake kutoka Muscat, aliona mbele kuliko wengine. Aliwahimiza wenye mashamba wapande karafuu kwa nguvu, na mashamba hayo yakafanywa kwa mikono ya watumwa. Kufikia katikati ya karne, Zanzibar ilikuwa imepanda sana hata bei ikaanguka yenyewe. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Leo mkulima wa Pemba kisheria humuuzia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa bei iliyotangazwa. Ndiyo maana karafuu inayojiita ya Pemba lakini ikauzwa chini ya nyingine zote sokoni ina maelezo ya kutoa: ama imepita kwa magendo, ama si ya Pemba, ama imeshakamuliwa.

Kukamuliwa ndiko hatari ya kweli. Karafuu iliyotolewa mafuta bado inaonekana karafuu. Jaribio ni la bure: zitupe chache kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, kichwa juu. Iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Vilevile tazama vichwa. Ukiona vijiti vingi kuliko vichwa, umeuziwa makonyo, vile vikonyo ambavyo Pemba hupelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Makonyo yana harufu kidogo, na bei yake inapaswa kuwa kidogo. Katika karafuu ya unga makonyo hayaonekani kabisa, na kwa kuwa sufuria inahitaji karafuu nane tu, sioni sababu ya mtu yeyote kununua karafuu ya unga.

Mdalasini ndipo ninapomwomba msomaji atulie, hasa mwenye watoto. Kuna mdalasini wa Sri Lanka, na kuna kasia, ndugu yake wa China, Vietnam na Indonesia. Lebo nyingi huviita vyote mdalasini. Mdalasini wa Sri Lanka una maganda membamba mengi yaliyoviringishwa ndani kwa ndani, na unavunjika kwa vidole. Kasia ni gamba moja nene, gumu, lililojikunja kutoka pande mbili, na ukitaka kulivunja utafute nyundo. Ladha ya wa kwanza ni ya upole na utamu. Kasia inachoma na kushika ulimi. Mti uliopandwa Unguja na Pemba ni wa ukoo wa Sri Lanka, ila magamba yake mara nyingi hukatwa mapana, hayaviringishwi kwa ufundi ule, kwa hiyo kwa mdalasini wa Zanzibar amini ulimi kuliko jicho. Kama kuna lebo, tafuta jina la kitaalamu: Cinnamomum verum au zeylanicum ni ule wa Sri Lanka, cassia, burmannii na loureiroi ni upande wa pili.

Kwa nini nijali? Kwa sababu kasia ina kumarini nyingi, kemikali ambayo ikizidi huwasumbua baadhi ya watu ini. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilipiga hesabu kwamba mtu mzima wa kilo 60 anafikia kikomo hicho kwa gramu 2 za kasia kwa siku, na mtoto wa kilo 15 kwa nusu gramu. Kwenye pilau ya mara mbili kwa mwezi, sahau habari hiyo, nunua kasia kwa amani. Kijiti chake kigumu hata huhimili moto mrefu vizuri zaidi. Lakini yule anayetia kijiko cha unga kwenye uji wa mtoto kila asubuhi, au anayekunywa maji ya mdalasini kila siku kwa sababu ameambiwa yanashusha sukari, huyo alipe zaidi apate ule wa Sri Lanka au wa Zanzibar. Hapa tofauti ya bei inanunua kitu halisi. Kwingine kote mara nyingi inanunua chupa.

Iliki ndiyo ghali kwenye orodha ya nyumbani; duniani hutajwa mara tu baada ya zafarani na vanila. Nyumbani kwake ni milima ya magharibi ya India, lakini muuzaji mkubwa wa nje leo ni Guatemala, ambako ilipelekwa na mlowezi Mjerumani karne moja iliyopita, na ambako watu wenyewe hawana mazoea ya kuila. Tanzania inalima pia, Usambara na Uluguru. Kwa hiyo mvua mbaya Guatemala inaweza kumfanya muuza chai wa Nyamirambo apunguze iliki bila kukuambia. Nunua yenye ganda, ya kijani, iliyofunga. Ganda ni karibu theluthi ya uzito, jambo linalowafanya wengine waone punje tupu ni nafuu, lakini punje zilizovuliwa hupoteza harufu upesi, na kwenye chai ganda lenyewe lina kazi. Ponda moja kabla ya kulipa. Punje ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, zenye kunata kidogo. Ganda lililopauka na kulia kama njuga lina punje kavu tatu ndani, na unalipia hewa.

Pilipili manga haina mambo mengi. Asili yake Malabar, ndiyo iliyomvuta Vasco da Gama apite Malindi mwaka 1498 kutafuta njia ya Calicut, na leo Vietnam inauza nje kuliko yeyote. Tanga na Zanzibar wanayo nzuri. Mbegu za papai zilizokaushwa hufanana nayo, ila huelea majini, ni nyepesi, na hazina ukali. Nunua nzima, saga mezani. Basi.

Binzari nyembamba ni kesi tofauti, maana yenyewe peke yake ni zaidi ya nusu ya uzito wa viungo vya pilau. Hii ndiyo ambayo bei ya kilo ina maana. Kwa iliki, tofauti ya faranga 10,000 kwa kilo ni faranga 20 kwa sufuria. Kwa binzari, ni 120. Kwa hiyo kama una nguvu ya kupatana bei na kitu kimoja tu, patana binzari, tena kwa jumla. Nyingi hutoka India. Chagua isiyo na vijiti na mchanga, ikaange kavu dakika moja kabla ya kutwanga, na nusu ya kazi ya kiwanda umeifanya mwenyewe bure.

Manjano ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi watu hawaiangalii. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba baadhi ya wachakataji wa Bangladesh walikuwa wakiitia kromati ya risasi ili rangi ing'ae, na sumu hiyo ikaonekana kwenye damu ya watu. Sisemi ya Kimironko ina sumu. Nasema manjano inayowaka kama koti la trafiki haiongezi kitu kwenye mchuzi, na ile ya rangi iliyotulia, ikiwezekana mizizi mizima uisage mwenyewe, ndiyo ya kuchagua. Unga wa pilipili una kesi kama hiyo: Februari 2005 Uingereza iliondoa mamia ya vyakula madukani baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1 kupatikana kwenye unga wa pilipili uliotumika kutengenezea sosi. Na jina kubwa si kinga. Aprili 2024 Hong Kong ilisimamisha uuzaji wa baadhi ya michanganyiko ya MDH na Everest za India kwa kukuta dawa ya kuua wadudu, ethilini oksaidi. Kampuni zenyewe zilisisitiza bidhaa zao ni salama. Kwa unga wa pakiti Kigali, angalia alama ya ubora ya RSB, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kwa unga wa kijiko usio na lebo, huna cha kuangalia ila uso wa muuzaji.

Sasa zile pakiti za mchuzi na viungo vya kuchanganywa. Zipo za aina mbili, na watu huzichanganya. Bizari ya pilau au viungo vya chai vya pakiti, vikiwa vizuri, ni viungo vitupu vilivyosagwa pamoja. Unalipia kusagwa na kuchanganyiwa, si dhambi kwa mwenye haraka, mradi pakiti iishe ndani ya miezi miwili. Unga wa mchuzi na vidonge vya supu ni kitu kingine. Viambato kwenye lebo huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kwanza. Ukikuta chumvi na wanga wa mahindi vimetangulia, na giligilani inakuja ya tano au ya sita, basi uzito mwingi uliolipia ni chumvi na unga. Chumvi kilo moja Kigali ni bei ya kutupa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na anayetia vidonge viwili kwenye sufuria kisha akaongeza chumvi kwa mazoea hajui tena amefika wapi. Kama lazima utumie kidonge, ondoa chumvi yote nyingine. Lakini kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, kwa subira ya robo saa, hufanya kazi nyingi ambayo kidonge kinajidai kufanya.

Kuna vitu ambavyo hapa Rwanda mgeni ndiye anayepaswa kuja kununua kwetu. Pilipili kali, urusenda, ilitoka Amerika ya kitropiki baada ya safari za Columbus, ikaletwa na Wareno pwani zetu, na siku hizi inalimwa hapa hapa. Akabanga, mafuta ya pilipili ya Sina Gérard yanayotengenezwa Nyirangarama, barabara ya kwenda Musanze, huuzwa kwenye kichupa cha kudondosha chenye mililita 20. Ukihesabu matone 20 kwa mililita, kichupa kina matone 400. Mlaji wa brosheti, yaani mishikaki, anayetumia matone manne kwa sahani ana sahani 100 mfukoni. Gawa bei ya kichupa kwa mia, utaona hakuna unga wa pilipili kutoka nje unaoweza kushindana. Pilipili mbichi za sokoni ni rahisi zaidi zikiwa za msimu, na zina harufu ya tunda ambayo mafuta hayana. Kwa isombe (kisamvu) na maharage mimi huchukua mbichi, kwa brosheti na viazi vya kukaanga huchukua tone.

Tangawizi pia usinunue ya unga ukiwa mji huu. Mbichi kilo tano hukauka zikabaki kama kilo moja, kwa hiyo linganisha hivyo: mbichi ya faranga 1,500 kwa kilo, tena kwa mfano, ni sawa na kavu ya 7,500, kabla ya gharama ya kukausha na kusaga. Yeyote anayekuuzia unga kwa chini ya hesabu hiyo amepata wapi? Na kuna jambo la mahali. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Chai ya tangawizi mbichi inataka kuachwa motoni dakika kadhaa zaidi kuliko ya Mombasa. Wengi huona haikolei wakaongeza tangawizi, kumbe kilichokosekana ni muda.

Vitunguu saumu: vile vikubwa vyeupe vya China humenyeka haraka, vidogo vya milima ya kaskazini vinachosha vidole lakini kimoja ni kikali kama viwili. Ukipima kwa ladha, vidogo vinashinda mara nyingi, isipokuwa siku ya harusi yenye wageni mia tatu. Kungumanga nunua nzima, moja itakaa mwaka. Visiwa vya Banda vilivyokuwa chanzo chake pekee vilimwagiwa damu na Waholanzi mwaka 1621 kwa ajili yake, na mwaka 1667 Waingereza waliachia madai yao ya kisiwa cha Run wakabaki na Manhattan. Leo mtu anaisahau kabatini hadi ipate wadudu. Vanila, kama unaoka keki kweli, tafuta ya Uganda, iko jirani. Zafarani iache. Kilo moja huhitaji maua laki moja na nusu au zaidi, na ile ya bei ya kuvutia ikitiwa majini hutoa rangi yote papo hapo na nyuzi zikabaki nyeupe. Ya kweli hutoa rangi taratibu, uzi ukabaki mwekundu.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kama inafaa kumwagiza ndugu anayekwenda Zanzibar. Inafaa, kwa karafuu na mdalasini, kama ataingia soko la Darajani na kununua kwa mizani. Haifai kama ataleta vile vikasha vya watalii vyenye pakiti ndogo za kila kitu, maana hapo analipia ukumbusho. Na mwambie afunge kwenye karatasi au kopo. Mfuko wa plastiki utachukuliwa uwanja wa ndege Kanombe.

Nunua kabla ya Ramadhani, si katika wiki yake ya mwisho, wakati kila nyumba ya Biryogo inatafuta iliki ileile kwa ajili ya Idi. Hifadhi kwenye kopo la bati au chupa yenye kifuniko, mbali na jiko na dirisha, hasa mvua za Machi hadi Mei, maana unga hunyonya unyevu na kufanya mabonge. Kwa familia ya watu sita inayopika pilau mara mbili kwa mwezi na kunywa chai ya viungo kila siku, miezi mitatu inahitaji takriban hivi: binzari nyembamba gramu 100, pilipili manga 50, mdalasini 50, karafuu 25, iliki 100. Iangalie hiyo iliki. Pilau zote sita za miezi hiyo zimekula gramu 12 tu. Zilizobaki zimeingia kwenye birika, iliki nne kila asubuhi. Ukiamua kupunguza matumizi, punguza huko: tatu badala ya nne, zipondwe badala ya kutupwa nzima, na tangawizi ichemke zaidi. Hiyo peke yake ni gramu 22 hivi kwa miezi mitatu, iliki ya pilau kumi na moja.